Goti la zamani ukishafika miaka 50: utembee, ukimbie, upande baiskeli au uingie baharini?

Mwaka 1997, nikiwa chuo cha ualimu, niliruka kudaka mpira wa netiboli nikatua kwa mguu mmoja, wa kulia, kiwiliwili kikiwa kimeshageukia upande mwingine. Nilisikia kitu kikilia ndani ya goti, mfano wa kijiti kibichi kinapovunjwa. Kufika magharibi goti lilikuwa limejaa hata kikombe chake cha mbele hakionekani. Likakandwa kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, likafungwa kitambaa, na baada ya wiki sita nikarudi uwanjani. Hakuna aliyenitajia habari za ligamenti, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa na mfupa, na mimi sikujua kwamba kuna la kuuliza. Leo nina miaka 51, nafundisha hapa Tanga mjini, na goti lile lile ndilo linaloamua nikae kiti gani kwenye daladala.

Nawaandikia watu wa rika langu wenye kiungo kinachowasumbua: goti la mpira, kifundo cha mguu kilichoteguka mara tatu, nyonga iliyoumia kwenye ajali ya bodaboda, mgongo uliochoshwa na viroba. Wengi wetu ndugu zetu wametuambia tupumzike kwa sababu umri umeenda. Mimi nilipumzika karibu miaka miwili. Niliongezeka kilo 11, paja la kulia likasinyaa hadi likawa jembamba kuliko la kushoto kwa kutazama tu, na ikafika siku nikashindwa kuinuka kwenye mbuzi ya kukunia nazi bila kushika ukuta. Binti yangu aliniona, akaja kunishika mkono bila kusema neno. Kwa hiyo kupumzika sikuweki katika ulinganisho huu. Nimekujaribu, najua kunakofikisha.

Kabla ya kulinganisha, gegedu. Ncha za mifupa zinapokutana ndani ya goti zimefunikwa na tabaka gumu linaloteleza, ndilo gegedu. Halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa kiungo, nao ute huingia vizuri pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa, kikabanwa tena na kuachiwa, kama dodoki: ukilikamua linatoa maji, ukiliachia linakunywa. Mtaani tunasema "ute umeisha," na mtu akishaambiwa hivyo hukaa kitini ili asiumalizie kabisa uliobaki. Kumbe kwa kukaa ndiko anakolinyima gegedu chakula. Ni kweli kwamba goti lililowahi kukatika ligamenti, ile ambayo wapenzi wa mpira huiita ACL, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kusagika miaka 10 hadi 20 baadaye kuliko goti ambalo halijawahi kuumia, hata kama lilitibiwa. Mimi ni mmoja wao. Lakini goti lililosagika nalo linahitaji mwendo, na kazi yetu hapa ni kuchagua mwendo wa aina gani.

Kipimo cha kuchagulia nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na nakiamini kuliko ushauri mwingine wowote niliowahi kupewa. Maumivu yape namba, 0 hadi 10. Yakiwa 2 au chini wakati wa mazoezi, endelea. Yakifika 5, bado si hatari, ila usiongeze. Yakivuka 5, acha kwa siku hiyo. Kisha subiri kesho yake asubuhi. Goti likiamka kama lilivyokuwa jana kabla ya mazoezi, ulichokifanya kinalifaa. Likiamka limevimba au limekakamaa kuliko kawaida yake, ulizidisha: punguza muda au mwendo, usiache. Kwa kipimo hicho ndivyo nitakavyopima kila kitu hapa chini.

Kutembea na kukimbia

Watafiti wa Berlin walitengeneza magoti bandia yenye vihisi ndani yake, wagonjwa wakawekewa, kisha wakapimwa wakifanya mambo ya kila siku. Kwenye ardhi tambarare, kila hatua goti hubeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Kupanda ngazi ni zaidi ya mara tatu. Kushuka ngazi ni mara tatu na nusu hivi. Kwa mtu wa kilo 80, huko kushuka ni mzigo wa karibu kilo 280 juu ya goti moja, hatua baada ya hatua.

Niliposoma takwimu hizo nilielewa kitu nilichokuwa nakiona kila likizo. Kwetu ni Lushoto. Nikiwa Tanga natembea dakika 40 bila shida, maana mji wetu ni tambarare na barabara za Ngamiani zimenyooka, unahesabu tu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikifika Lushoto, kupanda kunanitoa jasho na pumzi lakini goti linatulia. Kushuka ndiko kunakoniumiza, na kesho yake asubuhi limevimba. Milimani kupanda ni kazi ya pumzi, kushuka ni kazi ya goti. Kwa hiyo kama unaishi Lushoto, Mwanza kwenye miamba, Bukoba au Kigali, hesabu ya kutembea si sawa na ya mtu wa Tanga. Panda kwa miguu, ushuke kwa gari ukiweza. Usipoweza, shuka kwa hatua fupi ukiwa na bakora, na bakora ishikwe kwa mkono wa upande wa pili na goti bovu: goti la kulia, mkono wa kushoto. Karibu kila mtu hufanya kinyume chake.

Faida kubwa ya kutembea ni kwamba hakuna cha kununua isipokuwa viatu, na unaweza kuanza leo jioni. Kwenye viatu sina huruma. Raba za mitumba nzuri zipo, ila zikunje kwa mikono kabla hujalipa: soli iliyokaa miaka mingi huwa imekauka, haibonyei hata ukiikandamiza kwa kidole gumba, na kila hatua inapiga moja kwa moja hadi gotini. Kandambili ni za chooni.

Kukimbia ndiko kunakoleta ubishi. Kila Jumamosi alfajiri vikundi vya mchakamchaka vinapita na nyimbo, na wengi walio ndani yake ni wa umri wangu. Wanaokaa barazani wanawaambia, "mtamaliza magoti." Hilo si kweli kwa jumla. Mwaka 2017 zilikusanywa tafiti nyingi pamoja zikaangaliwa nyonga na magoti: waliokuwa wakikimbia kwa kujifurahisha, waliosagika viungo hivyo walikuwa asilimia 3.5, waliokuwa hawakimbii kabisa, asilimia 10.2, na wakimbiaji wa mashindano, asilimia 13.3. Yaani anayekimbia kwa kiasi alikuwa na hali nzuri kuliko anayekaa, na aliyezidisha alikuwa na hali mbaya kuliko wote wawili.

Lakini soma vizuri. Takwimu hizo ni za wakimbiaji kwa ujumla, hazikuchukua watu wenye ligamenti iliyokatika na paja lililosinyaa. Mimi nilijaribu kukimbia kwa wiki tatu. Dakika kumi tu, barabara ya lami, polepole. Maumivu wakati wa kukimbia yalikuwa 3, jambo ambalo lingeweza kunidanganya, lakini kila asubuhi goti lilikuwa na maji. Kipimo cha kesho yake kikasema hapana, nikaacha, na sijutii.

Kaka yangu ana kisa tofauti. Yeye alivunjika kifundo cha mguu kwenye pikipiki miaka kumi na tano iliyopita, mfupa ukaunga vizuri, goti lake ni zima. Alianza kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, mara nane, siku tatu kwa wiki, kwenye uwanja wa mchanga. Ilimchukua miezi minne kufika dakika 25 mfululizo. Asubuhi zake zote ziko salama. Kwa mtu wa hali yake, kukimbia kuna faida ambayo kutembea hakumpi: muda mfupi, pumzi nyingi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au nusu ya hizo kama mwendo ni mkali. Mtu mwenye watoto, duka na zamu za usiku anaihitaji hiyo nusu.

Ninachokataa ni kuanzia juu. Kila mwaka wenzangu kazini wanajiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kwa sababu kikundi kizima kimejiandikisha, hali Moshi pale kuna mbio za kilomita 5 pia. Wanarudi wakichechemea hadi Pasaka, kisha hawakimbii tena mwaka mzima. Kama una kovu la zamani, ya kilomita 5 inatosha kwa mwaka wa kwanza.

Baiskeli

Tanga ni mji wa baiskeli, hilo halina ubishi, na kwa goti bovu ni neema. Watafiti wale wale wa Berlin walipima goti la mtu anayeendesha: mzigo ulikuwa kama mara moja na robo ya uzito wa mwili, nusu ya ule wa kutembea. Goti linazunguka, linabanwa kidogo na kuachiwa maelfu ya mara, na uzito wako umeubebesha tandiko. Dodoki linakunywa bila kupondwa.

Hata hivyo miezi yangu miwili ya kwanza ilikuwa ya mateso. Maumivu yalikuwa mbele ya goti, chini ya kile kikombe, na yalinifuata hadi kitandani. Nilikaribia kuiuza ile baiskeli. Siku moja nilimpelekea fundi chini ya mwarobaini aniwekee breki. Alinitazama nikija, akasema, "Mwalimu, umekaa chini mno." Akanikalisha kwenye tandiko, mkono mmoja akashika usukani, akaniambia niweke kisigino juu ya pedeli ikiwa imefika chini kabisa. Mguu ulikuwa bado umekunjika sana. Akachukua spana, akalegeza nati, akapandisha tandiko kidole kimoja, akanipima, akapandisha tena kidole kimoja na nusu, hadi mguu ukanyooka kisigino kikiwa juu ya pedeli. "Sasa kanyaga kwa mbele ya unyayo," akasema. Goti likabaki limekunja kidogo tu. Wiki mbili baadaye maumivu ya mbele yalikuwa yameondoka.

Nimeieleza hatua kwa hatua kwa sababu wengi wetu tunaweka tandiko chini ili miguu yote miwili iguse ardhi tukisimama. Hofu ya kuanguka inaeleweka. Lakini tandiko la chini hulikunja goti sana huku likisukuma, na hapo ndipo kikombe cha goti kinapobanwa. Pandisha kidogokidogo kila wiki hadi uzoee kusimama kwa mguu mmoja.

Uzito wa pedeli nao ni jambo. Baiskeli nzito isiyo na gia, ukikutana na mwinuko au upepo wa kusi unaokupiga usoni, inageuka kuwa mazoezi ya kusukuma gunia. Shuka uikokote. Ukiweza kupata yenye gia, iweke gia nyepesi na uzungushe haraka. Goti linapenda mizunguko mingi miepesi kuliko michache mizito. Na kama goti lako halikunji hadi kupita pembe mraba kwa nafasi ya kutosha, pedeli haitazunguka yote. Mwenye goti hilo baiskeli bado si yake, aanze majini.

Kuna hasara tatu. Ya kwanza ni barabara: bodaboda, bajaji, malori, na ukianguka ukiwa na miaka 50 huanguki kama mtoto. Mimi natoka saa 12 asubuhi na kurudi kabla ya saa 1. Ya pili ni kupanda na kushuka: mwenye nyonga isiyonyanyuka atafute baiskeli ya kike yenye bomba la chini, mwanamume au mwanamke, aibu isimzuie. Ya tatu nitaieleza mbele, ni ya mifupa.

Bahari

Hapa moyo wangu umeegemea, nakiri mapema. Ukisimama kwenye maji ya kiuno, miguu yako inabeba kama nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, inabeba kama theluthi. Mtu wa kilo 90 anatembea kama mtu wa kilo 30. Mara ya kwanza nilipoingia Raskazone hadi kifuani na kuanza kutembea, nilitembea dakika kumi nikasimama, nikawa nalia. Ilikuwa miaka mingi sijapiga hatua bila goti kunisemesha.

Wala huhitaji kujua kuogelea. Kutembea mbele, kurudi kinyumenyume, kuinua goti hadi usawa wa nyonga, kupiga teke pembeni: maji yanakupinga kila upande, kwa hiyo misuli inafanya kazi huku kiungo kimepumzishwa. Dakika 20 zinatosha kuchosha paja. Kwa anayeogelea, angalizo ni mtindo wa chura: lile teke la kuzungusha miguu kwa nje linavuta upande wa ndani wa goti, na goti la zamani hulikasirikia. Piga miguu iliyonyooka. Mwenye bega bovu naye atembee tu, maana kuogelea kwa kurusha mikono juu kutamrudishia maumivu.

Kilichonichukua muda ni kuijua ratiba ya maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji hujaa alfajiri na tena alasiri saa 10 hivi, na saa 4 asubuhi yamekupwa mbali. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: saa 4 asubuhi yamejaa, na kujaa kwenyewe ni kwa kiasi, tulivu, kuzuri kwa mtu wa goti. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo huwezi kusema "kila siku saa 12 asubuhi" kama kwenye baiskeli. Muulize mvuvi yeyote, anaijua kichwani. Epuka saa ambazo maji yanatoka kwa kasi, usiingie peke yako, usivuke kifua kama hujui kuogelea, na vaa viatu vya plastiki, chini kuna matumbawe na wanyama wa bahari wenye miiba.

Wanawake wenzangu wananiuliza habari ya stara. Tunaingia sita au saba pamoja, na fundi cherehani ametushonea suruali na gauni fupi la mikono mirefu kwa kitambaa cha jezi. Dera ni zuri nchi kavu; majini linalowa, linakuwa zito na linanasa miguuni, ni hatari. Walio mbali na bahari wana kazi zaidi. Mwambao wa Ziwa Victoria na Tanganyika una kichocho, basi kusimama humo kila siku si jambo la kushauri. Bwawa la kuogelea lililotiwa dawa ndilo linalobaki, nalo ni la kulipia, na kwa wengi hapo ndipo bahari inaposhindwa na baiskeli.

Sasa ile hasara ya tatu, ambayo baiskeli na bahari zinaishiriki. Mfupa huimarika kwa kubebeshwa uzito. Baiskeli na maji vinauondoa uzito, ndiyo raha yake, lakini mifupa haipati msukumo wa kujijenga. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, au anayekaribia, mifupa hupungua kwa kasi, na magoti nayo huanza kulalamika zaidi kipindi hicho hicho. Ukichagua kimojawapo kati ya hivi viwili bila kuongeza kitu kingine, goti litatulia lakini mfupa utabaki dhaifu.

Kilichonirudisha kwenye mbuzi

Kitu hicho kingine ni nguvu za misuli, na hapa silinganishi tena: kila mtu anakihitaji, achague kutembea, baiskeli au bahari. Paja la mbele ndilo linalolipokea goti unapotua na unaposhuka. Kiungo kilicholegea ligamenti kinashikiliwa na misuli au hakishikiliwi na chochote. Misuli nayo hupungua tangu umri wa miaka thelathini, asilimia 3 hadi 8 kila muongo kwa mtu asiyeifanyisha kazi. Denmark tangu 2013 wana mpango wa kitaifa kwa wenye magoti na nyonga zilizosagika, na ndani yake hakuna maajabu: elimu kidogo, na mazoezi ya nguvu na kudhibiti mguu mara mbili kwa wiki. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani nao unataka nguvu angalau siku 2 kwa wiki, juu ya zile dakika za kutembea.

Jimu ipo kwa anayeweza, na mashine ya kusukuma kwa miguu ni salama kuliko inavyoonekana. Mimi nafanya nyumbani. Nakaa kwenye kiti cha kulia chakula, mikono nimekunja kifuani, nasimama, kisha narudi chini polepole nikihesabu moja, mbili, tatu. Mara kumi, napumzika, narudia mara tatu. Kisha napanda na kushuka ngazi moja ya mlangoni, mguu mbaya ukiwa juu muda wote, kinyume na tunavyofanya siku zote. Nainuka kwa vidole nikishika fremu ya dirisha. Nalala chali kwenye mkeka, magoti nimekunja, nainua nyonga. Nikipiga mswaki nasimama kwa mguu mmoja, mswaki wa asubuhi mguu wa kulia, wa usiku wa kushoto. Hili la mwisho ndilo dawa ya vifundo vinavyoteguka mara kwa mara, maana kifundo kilichoteguka husahau kujua kipo wapi, na lazima kifundishwe upya.

Nilipoanza niliweza kuinuka kitini mara 7 katika sekunde 30. Baada ya miezi mitatu, 14. Nikashusha kiti: kutoka kiti cha mezani hadi kochi, kutoka kochi hadi kigoda. Mwezi wa tano nikaongeza mkoba wenye mchele kilo 5 kifuani. Mwezi wa sita nilikuna nazi mbili, nikainuka kwenye mbuzi na bakuli mkononi, bila ukuta.

Kulingana na kilichoumia

Goti lililosagika au lenye ligamenti mbovu: baiskeli au maji kwa pumzi, kutembea tambarare kwa mifupa, nguvu mara mbili kwa wiki. Kukimbia mwisho kabisa, na kwa kipimo cha kesho yake. Kifundo cha mguu: ukishakirudishia usimamaji, unaweza kukimbia kwenye mchanga mgumu au nyasi, lakini si mchanga laini wa ufukweni unaokipinda. Nyonga: maji kwanza, kisha kutembea kwa hatua fupi, baiskeli tandiko likiwa juu. Mgongo wa chini: kutembea ndiko bora kwa watu wengi, baiskeli ya usukani wa chini inayokukunja ndiyo mbaya. Bega: chochote cha miguu.

Uzito wa mwili nao uko ndani ya hesabu hii. Utafiti wa Marekani wa 2005, kwa watu wanene wenye magoti yaliyosagika, ulionyesha kila kilo moja inayopungua mwilini inaliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Mimi nimepunguza kilo 6 kati ya zile 11. Kilo 24 kila hatua, ni gunia dogo la mahindi nimelitua. Wali umepungua sahanini, maharage na samaki vimeongezeka, basi.

Dawa za maumivu, diklofenaki na wenzake, usizimeze ili uweze kufanya mazoezi. Zinakuzibia kipimo chako, na zikizoeleka zinaumiza tumbo na figo. Na kuna siku ambazo si za kuchagua mazoezi, ni za kwenda hospitali: goti jekundu lenye joto na homa, goti linalokwama halinyooki, mguu unaokuachia ghafla ukitembea, shavu la mguu linalovimba na kuuma upande mmoja, maumivu ya usiku yasiyohusiana na ulichofanya mchana.

Wiki yangu ilivyo sasa: Jumatatu na Alhamisi nguvu, dakika 25, kabla ya kuandaa masomo ya kesho. Jumanne na Ijumaa baiskeli, saa 12 hadi saa 1 kasoro. Jumatano natembea kwenda kwa mama mkwe na kurudi, dakika 20 kila upande. Jumapili napumzika. Jumamosi ni ya bahari, na hii inayokuja ni ya maji mafu, yanajaa saa 4 asubuhi. Jirani yangu mwenye nyonga ameniambia atakuja, gauni lake la jezi bado liko kwa fundi, nimemwazima langu la zamani.